Mtoto Si Mshika Tochi

Wazazi wengi wanaosema kwamba wanafufua gari la zamani pamoja na watoto wao, kwa kweli wanalifufua wenyewe, na mtoto anawashikia tochi. Nimeyaona haya katika gereji za mitaani hapa Unguja na katika nyua za jamaa zangu: baba amelala chini ya gari, kijana amechutama pembeni akimulika, na kila mkono wake ukitikisika kidogo anakemewa. Jioni baba atasimulia barazani kwamba leo ameshinda kazini na mwanawe. Kijana hana la kusimulia, kwa sababu alichokiona siku nzima ni kiwiko cha baba yake. Maoni yangu ni kwamba kijana wa miaka 15 au 16 akiingizwa katika kazi ya namna hii, apewe sehemu nzima ya gari iwe juu yake, aifungue, aikosee, aifunge tena, na mzazi aombe ruhusa kabla ya kuigusa.

Gari tunalolifufua mimi na mwanangu ni Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili lililoanza kuuzwa mwaka 1969, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Mjomba wangu alilitoa Mombasa, akalitumia, likamzeekea, kisha likasahauliwa chini ya banda la makuti huko Bububu. Mimi ni mwanamke, nasomesha kemia, na spana nilizijua kwa marehemu baba, aliyekuwa na lori. Nayataja haya kwa sababu kila tukienda kutafuta spea, muuzaji humweleza mwanangu kwa kirefu, halafu akanigeukia mimi na kuniuliza kama nitapenda kiti nipumzike.

Sehemu niliyomkabidhi kwanza ilikuwa breki, na hapo ndipo ndugu waliponijia juu. Walisema mtoto aanzie viti, au asugue rimu, vitu ambavyo akiviharibu hakuna atakayekufa. Mimi naona kinyume chake. Kusugua rimu ni kushika tochi kwa jina jingine. Kijana ana akili za kutosha kutambua kwamba amepewa kazi isiyo na uzito, na ataifanya kwa moyo wa kazi isiyo na uzito. Breki zina uzito, na zaidi ya hapo zina sifa moja ambayo injini haina. Injini huweza kuwaka kwa bahati, lakini breki hupimika hata kabla gari halijasogea. Ukikanyaga pedali ikawa ngumu na ikabaki juu, kazi imefanyika. Ikiwa laini au ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja au pameingia hewa, na hakuna maneno yatakayoizuia isizame.

Gari hili lina breki za diski mbele na za drami nyuma, na zote zinaendeshwa na mafuta yanayosukumwa kutoka masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali ya breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango hicho hushuka hadi 140, na maji hayo hayo huanza kuila silinda kwa ndani. Katika kisiwa ambacho chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo wakati wa masika, si ajabu kwamba yaliyotoka katika gari lililolala miaka mingi yalikuwa meusi na yenye mashapo. Mwanangu alitaka kubana matumizi kwa kununua mipira ya ndani ya silinda peke yake. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Alipopitisha ukucha ndani ya silinda akakuta vishimo vya kutu, alikata shauri mwenyewe kwamba mipira mipya katika silinda iliyolika ingevuja tena, akaandika katika daftari la gharama kwamba inatakiwa silinda nzima.

Kisha ikafika kazi ya kutoa hewa iliyoingia ndani ya mafuta ya breki, ambayo haiwezi kufanywa vizuri na mtu mmoja mwenye vifaa vya kawaida. Mmoja hukaa ndani na kukanyaga pedali, mwingine huwa kwenye gurudumu, akifungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa, na kwa kawaida huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Anayekanyaga haoni kitu. Akiachia pedali kabla skrubu haijafungwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. Kwa hiyo mwenye gurudumu ndiye mwenye amri, na mwenye gurudumu alikuwa mwanangu. Katika nyumba zetu mtoto hamwamrishi mama yake. Gurudumu la kwanza lilikwenda kwa adabu zote: "Mama, naomba ukanyage. Tafadhali usiachie bado." Tulipofika magurudumu ya mbele ilikuwa imebaki "Kanyaga. Shikilia. Achia," na mimi nilitii bila kunung'unika, kwa kuwa hewa haingoji adabu. Sijui malezi gani ya mdomo yangempa kijana wa umri ule nafasi ya kumwongoza mzazi wake kwa haki, katika jambo la kweli, bila ya yeyote kati yao kuvunjiwa heshima.

Kutu ndiyo iliyochukua muda mwingi kuliko vyote, na yeyote anayetaka kufufua gari la zamani huku visiwani alijue hilo kabla ya kufikiria rangi. Chuma, maji na oksijeni vikikutana huzaa kutu. Chumvi ya bahari haihitajiki ili kutu itokee, lakini huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kazi ya uharibifu ikaenda mbio. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo maana rangi huvimba kabla ya kupasuka, na ukikiona kivimbe kidogo juu, ujue chini yake pameshaliwa zaidi. Magari haya yanajulikana kwa kuoza sakafuni, chini ya milango na chini ya kikalio cha betri. Letu halikuacha hata sehemu moja kati ya hizo.

Vipande vikubwa tulimwachia fundi wa bodi akate na kuchomelea bati jipya. Vile vidogo mwanangu aliviosha kwa umeme, kwa njia aliyoisoma mwenyewe: ndoo ya plastiki, maji yenye sodiamu kaboneti, chaja ya betri, kipande chenye kutu kikiwa upande wa hasi na chuma kisicho na kazi tena, kwa mfano nondo, upande wa chanya. Nilimpa masharti mawili tu. Ndoo ikae nje, kwa sababu gesi ya hidrojeni hutoka na hulipuka ikikutana na cheche. Na asitumie chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu iliyomo hutoa sumu ndani ya maji. Siku moja aliunganisha nyaya kinyume. Niliona, na nilinyamaza. Kilichokuwamo ndani ya ndoo kilikuwa kibano cha betri, kitu ambacho fundi yeyote hukitengeneza upya kwa muda mfupi. Kesho yake nondo ilitoka inang'aa na kibano kimeliwa kingo. Alikaa na vile vitu viwili mkononi kwa muda, kisha akaanza kunieleza kwa nini chuma cha upande wa chanya ndicho kinachoyeyuka, somo ambalo darasani kwangu huwa nalirudia mpaka sauti inakauka. Shangazi yake alinilaumu kwamba nimemwacha mtoto aharibu mali. Naam, nilimwacha, na kibano kile ni bei nafuu kuliko ada ya twisheni.

Yapo ambayo sikumkabidhi na sitamkabidhi. Haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati. Petroli naimimina mimi. Vumbi la drami za zamani halipulizwi, bali hulowanishwa na kufutwa, kwa kuwa bitana za breki za miaka ile zilikuwa na asbesto. Haya hayana mjadala.

Kuhusu fedha, wanaosema kwamba ni hasara wamesema kweli. Kwa kilichotumika ningeweza kuagiza kigari cha mtumba kutoka Japani, chenye kiyoyozi, na kikanisumbua kidogo tu. Siwezi kumshauri mzazi aliyebanwa na ada ya skuli ajiingize huku, wala sioni haja ya kulifunika jambo hili kwa maneno mazuri ya mapenzi na familia. Kuhusu mtihani, hofu ninaielewa zaidi. Kijana yuko kidato cha tatu, ana chuo cha Kurani, ana twisheni, na gari hupata jioni zilizobaki. Lakini kanuni ya Pascal, kwamba shinikizo katika kimiminika kilichofungwa husambaa sawasawa kila upande, ameikuta katika breki kabla hajaikuta ubaoni, na mwalimu wake wa fizikia hajanilalamikia.

Ninalolipinga ni jingine, ambalo wazazi hatulioni kwa kuwa linatoka kwetu. Watu wa rika langu na walionizidi wakipita uani husimama na kumhadithia mwanangu habari za mbio za magari za Safari, za Afrika Mashariki: kwamba gari la aina hii lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alifikisha ushindi wa Safari mara tano, kwamba magari ya timu ya Datsun yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi. Kijana husikiliza kwa heshima, huitikia, kisha huomba apitishiwe spana namba 12. Anachokipenda ni umbo la gari na kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Kumbukumbu hizo ni zetu, na mzazi anayefufua gari ili mtoto apende ujana wa mzazi anamtafuta mshika tochi wa aina nyingine.

Kwa sasa mgogoro wetu uko katika mfumo wa cheche. Distribyuta ya asili, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda ya injini, hutumia pointi, yaani vigusano vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme, ambazo mimi nazipenda kwa sababu zikichafuka njiani huweza kusafishwa kwa kipande cha msasa na safari ikaendelea. Mwanangu amegundua kwamba distribyuta ya 280ZX, gari la baadaye la ukoo huo huo, inakaa mahali pale pale na haina pointi, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na kifaa cha kielektroniki. Nilimwambia kwamba kifaa hicho kikifa, hakuna msasa utakaokifufua. Akanijibu, kwa upole, kwamba pointi hulika na kutaka kurekebishwa tena na tena, na kwamba yeye ndiye atakayeliendesha gari hili atakapopata leseni, nami sitakuwapo kwenye kiti cha pembeni na msasa kila siku. Bado naamini kwamba nimesema la maana. Hata hivyo umeme uko katika sehemu yake, si katika yangu. Distribyuta imeagizwa, na msasa wangu nautumia kwenye bodi.