Si kila peupe utosini ni damu

Jamani hili nataka kulisema tangu zamani. Hapa Malindi mtoto njiti akipigwa ultrasaundi ya kichwa, ripoti hata haijaandikwa picha ishazunguka kwa simu, mtu kaona peupe kidogo, basi mama ashaambiwa "mwanao ana damu kwenye ubongo" na nyumba nzima inalia. Hebu tulizaneni kwanza.

Ile mashine haioni damu, inapokea mwangwi tu. Proubu, kile kifaa cha mkononi kinachotoa na kupokea sauti, inawekwa utosini ambapo mfupa haujafunga, sauti inashuka, inayorudi kwa nguvu inatokea nyeupe. Damu mbichi ni nyeupe kweli, lakini koroidi pleksasi inayotengeneza maji ya ubongo nayo ni nyeupe pepepe, na kule nyuma kando ya vyumba vya maji ndani ya ubongo kuna nyuzi ambazo sauti ikizipiga wima zinang'aa mpaka unashtuka, ukibadilisha pembe zinafifia. Damu haifanyi hivyo, iko palepale. Geini, yaani kiwango cha kukuza mwangwi, ikipandishwa mno kila kitu kinang'aa, na jeli ikiwa haba hewa inaingia inaleta vivuli (hivyo navyo vinaweza kuficha damu iliyopo, kwa hivyo tunapotea pande zote mbili).

Ndo maana mie nang'ang'ania mikato miwili, yaani picha ya ubongo kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni. Peupe panapoonekana kwa mmoja tu usikimbilie kupaita damu. Peupe pakiwa kwenye pembe ya mbele ya chumba hapo natia shaka zaidi, maana koroidi haifiki huko. Kama mashine ina dopla, ile inayoonyesha damu inayotembea, washa, koroidi ina mishipa inayopitisha damu, bonge la damu halina.

Wenzangu wengine wanasema bora kutisha kuliko kukosa kuiona damu. Nusu nawakubali, mtoto aliyezaliwa chini ya wiki 32 za mimba au gramu 1500 hatari ipo, na nyingi huvuja ndani ya siku 3 za kwanza, kwa hivyo kupima lazima. Ila tangu 1978 kuna madaraja 4 ya daktari Papile ya kupima uvujaji huo, la 1 ndilo dogo, na watoto wengi wa daraja la 1 hukua vizuri tu. Kusema "damu" bila daraja ni kama kumwambia nahodha kuna upepo usimwambie ni matlai au tufani.

Mama aambiwe hivi: tumeona peupe, bado hatujajua ni nini, tutarudia siku fulani, na siku yenyewe iandikwe kwenye ripoti.