Skripti ya “popote” inayokwama mlangoni

Nyinyi watu wa Linux hapa Nairobi mnanichosha. Mtu anakutumia skripti (faili la amri za kompyuta), anaapa inafanya kazi popote. Unaifungua: mstari wa kwanza, /bin/bash, yaani itafutwe bash, programu ya kusoma amri, ndani ya folda ya /bin. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine ambao si Linux, bash haiji na mfumo. Ukiiweka mwenyewe inakaa /usr/local/bin, kwa hiyo skripti haiioni. Halafu hiyo sed -i, amri ya kuhariri faili papo hapo! Ya GNU, ile ya Linux nyingi, inakubali hivyo hivyo, lakini ya FreeBSD na macOS inadai kwanza kiambishi cha jina la faili la akiba, hata kama ni alama za nukuu tupu. Ukilalamika, mnakuambia uhamie Linux yenu: “Bosi, si uhamie Ubuntu tu?” Kwani kanuni za POSIX za sheli (viwango vya pamoja vya programu za kusoma amri, kama bash) zilitolewa 1992 za nini? Andikeni /bin/sh, sheli ya msingi, muache madoido. Na wa Mac msicheke, bash mliyopewa bado ni toleo la zamani, 3.2.