Shuka, Upawa na Upepo wa Dodoma

Mtu mwenye haya usimwambie atabasamu. Ipe mikono yake kazi, uso utatulia wenyewe. Somo hilo nilimpa mama lishe wetu wa Ng'ong'ona kwa mbwembwe zote za mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima. Tulitaka kutundika hosteli picha za watu wanaotulisha, kutusuka na kutubeba kwa bodaboda. Wengine wote walishapigwa. Yeye wiki ya pili hiyo, kila akiona lenzi anapandisha khanga hadi puani.

"Haya mwanangu, mikono ifanye nini?"

"Shika upawa, mama. Pakua kama kawaida."

Khanga ikashuka. Nikapiga kwa lenzi ya milimita 50, tundu nimelifungua lote, f/1.8, ili nyuma pawe ukungu kama picha za harusi. Ukiwa hatua mbili tu kutoka kwa mtu, tundu hilo linakuachia sentimita chache zenye ukali, na kamera ikiachiwa ichague yenyewe mara nyingi hudaka kilicho mbele. Upawa ulitoka safi, punje za wali unazihesabu. Mama alikuwa moshi. Nikalibana tundu hadi f/4 ili ukali uongezeke kina, nikachagua nukta moja ya fokasi, nikaiweka kwenye jicho lililo karibu nami.

Sasa mwembe. Kivuli chake kitamu, ila majani hurudisha ukijani usoni, mtu anaonekana kama ametoka kulazwa. Dawa ni kitu cheupe ubavuni kimrudishie mwanga safi, na cheupe nilichokuwa nacho ni shuka la kitandani, mita mbili kwa mbili na nusu. Nikalifunga kwenye mianzi miwili, kila mmoja ndani ya ndoo ya lita 20 ya mchanga. Ndoo ikijaa hupita kilo 30. Mimi nilijaza robo, maana mbebaji ni mimi.

Ilikuwa Agosti, saa saba mchana. Wenye akili hupiga saa moja asubuhi, upepo ungali umelala. Mimi nilikuwa nimelala nao.

Shuka likajaa kama tanga la jahazi. Ndoo ya kwanza ikaanguka, ya pili ikafuata, na mimi nimeng'ang'ania pindo nikiburutwa kati ya mabenchi. Mzee mmoja hakuacha hata kutafuna; lilipompita akalisalimia kwa Kigogo: "Mbukwa!" Likatua ndani ya sufuria ya maharage. Mianzi pia.

Kimya. Kisha mama akacheka hadi akashika nguzo, uso mzima uko wazi, jicho linang'aa, mwanga wa kuombea. Kamera ilikuwa mchangani.

"Njoo hapa, mwanangu." Akanikabidhi steli waya na lile sufuria, akachomoa simu yake. "Mikono ikipata kazi uso unatulia, si ndivyo ulivyosema? Sugua. Usitabasamu."

Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa mlangoni hosteli. Sufuria limetoka safi sana.