Green Arrow: mishale ya hila au mishale mitupu?

Wapenzi wa Green Arrow, shujaa wa vibonzo vya Kimarekani anayepigana kwa upinde na ambaye jina lake halisi ni Oliver Queen, wakianza kubishana, ubishi hauchelewi kufika kwenye podo. Wapo wanaosema mishale ya hila, ile yenye glovu ya ndondi, wavu, kamba au gundi kichwani, ndiyo iliyomfanya Oliver Queen achekwe kwa miongo mingi. Wengine wanajibu kwamba ukimnyang'anya mishale hiyo, anayebaki ni mtu mwenye upinde anayeua watu usiku. Hoja zipo huku na huku. Lakini wale wa kwanza husimamia neno "uhalisia", na neno hilo halihimili uzito wanaolitwisha.

Mort Weisinger na mchoraji George Papp walimleta Oliver katika jarida la vibonzo la More Fun Comics namba 73, toleo la Novemba 1941, toleo lile lile lililomleta shujaa mwingine, Aquaman. Ufanano wake na Batman hauhitaji miwani: tajiri, kijana wa kumsaidia aitwaye Speedy, gari lenye jina lake, pango lenye jina lake. Alikuwa Batman aliyevikwa nguo za Robin Hood. Kwa muda mrefu alipewa hadithi fupi za kujazia matoleo ya mashujaa wakubwa zaidi, na hapo ndipo mishale ya hila ilipostawi. Ndani ya kurasa chache huna nafasi ya kumjenga mhusika. Unaleta tatizo, kisha mshale wa ajabu unalitatua, basi. Hata mchoraji mashuhuri Jack Kirby alipokabidhiwa mhusika huyu mwaka 1958, alichoweza kufanya ni kuichangamsha kanuni ile ile.

Wanaoitaka mishale mitupu husema Oliver alikua pale tu alipoachana na hila. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1969 Neal Adams alimchora upya kwa ndevu na mavazi mapya, na mwaka huo huo mwandishi Denny O'Neil akamfilisi mali yote. Kuanzia 1970 wakamsafirisha ndani ya Marekani pamoja na shujaa mwenzake Green Lantern, wakizungumzia ubaguzi, umaskini na uchafuzi wa mazingira. Mwaka 1971 Speedy, kijana aliyelelewa na Oliver, anakutwa akijidunga heroini. Oliver anampiga na kumfukuza, na msomaji anaona waziwazi nani hasa aliyekosea. Hadithi hizo ndizo nzito kuliko zote zilizoandikwa juu yake, na mishale ya hila ilikuwa bado imo podoni. Kumbe si glovu iliyomzuia kukua. Ni uandishi.

Mwaka uliofuata, 1972, kwenye kurasa za nyuma za jarida la The Flash, Oliver anamuua mtu kwa mshale bila kukusudia. Anaacha upinde, anakimbilia kwenye makazi ya watawa. Nadhani hapo ndipo kiini cha ubishi wote kilipo, kwa sababu swali la mshale gani utumike ni swali la kama shujaa huyu anaruhusiwa kuua.

Mwandishi na mchoraji Mike Grell alilijibu mwaka 1987 katika The Longbow Hunters, matoleo matatu tu. Mishale ya hila ikatupwa, Oliver akahamia Seattle, ikabaki chembe ya chuma, yaani ncha kali ya mshale. Dinah Lance, mpenzi wake, anateswa, na Oliver anamtoboa mtesaji kwa mshale. Kisanaa ni kazi kubwa: upinde umepata heshima na kila mshale una matokeo. Lakini mateso ya Dinah yametumika kama kiberiti cha kuwasha hasira ya mwanamume, na wasomaji waliolilalamikia hilo wako sahihi.

Sasa tuje kwenye uhalisia wenyewe, kwa hesabu.

Upinde wa ratili 50, yaani unaohitaji nguvu ya ratili 50 kuuvuta, unarusha mshale wa gramu 26 kwa kasi ya mita 55 hivi kwa sekunde. Mshale ukitoka unabeba nishati ya kama juli 40. Funga glovu ya ndondi ya aunsi 8, yaani gramu 227, mbele ya mshale huo. Upinde hauongezi nguvu kwa sababu mzigo umeongezeka, hivyo kasi inaanguka hadi mita 18 au 19 kwa sekunde. Uurushe sambamba na ardhi kutoka usawa wa bega, kwa adui aliye mita 20: utagusa sakafu ukiwa katikati ya njia. Zaidi ya hapo, uzito wa mbele unalifanya wano, yaani mti wa mshale, lipinde kupita kiasi wakati ugwe unalisukuma. Mshale unatoka ukiyumba, na manyoya ya nyuma hayana nguvu ya kuunyoosha. Kamba ya kuning'inia nayo ina tatizo lake: juli 40 hazipenyezi chembe kwenye zege. Watu wanaopanda miti mirefu kikazi hurusha kwanza uzi mwembamba juu ya tawi, kisha huutumia kuvutia kamba nene.

Hadi hapo wapinga hila wanashinda. Lakini hesabu hiyo hiyo inawageuka.

Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hubeba nishati zaidi ya mara kumi ya ile ya mshale. Kwa hiyo mshale hauui kwa kishindo. Unaua kwa kukata. Chembe pana inapasua mishipa, na damu inamaliza kazi. Tamthilia ya Arrow, iliyoanza Oktoba 2012 na kumalizika Januari 2020 baada ya misimu 8, ilimwonyesha Oliver wa Stephen Amell akiua bila kusita katika msimu wa kwanza. Msimu wa pili, baada ya kifo cha rafiki yake Tommy, akaapa kutoua tena. Kiapo kile kinanigusa, ni moja ya mageuzi bora ya mhusika katika televisheni ya mashujaa. Lakini njia aliyoitumia mara nyingi ni kulenga paja au bega. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa ambao ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na chini ya mfupa wa mtulinga, karibu na bega, unapita mwingine wa namna hiyo. Oliver wa msimu wa pili angekuwa ameacha maiti nyingi nyuma yake bila kujua.

Tena tamthilia hiyo, iliyosifiwa kwa kuwa ya kawaida na ya kuaminika, ilitumia hila tangu kipindi cha kwanza. Mshale uliokosa shabaha na kubaki ukutani ofisini kwa tajiri mwovu Adam Hunt ulikuwa na kifaa cha kuhamisha dola milioni 40 kutoka kwenye akaunti yake.

Mshale wa kazi maalumu si jambo la kitoto. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hubeba mishale ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na ya chuma yenye sumu kwa wanyama wakubwa. Wavuvi wa upinde hufunga uzi kwenye mshale. Kanuni ni uzito: mzigo wa gramu 10 au 15 unabebeka, wa gramu 200 haubebeki.

Kwa hiyo mimi ningempa Oliver mishale butu, mishale yenye uzi mwembamba, michache ya moshi na michache ya vifaa vidogo vya umeme, halafu ya chembe kali kwa ajili ya kufuli na magurudumu. Wachoraji wangebaki na kazi moja ambayo mara nyingi huiruka: Oliver ataitofautishaje mishale hiyo gizani, podo likiwa mgongoni? Macho hayafiki huko. Labda achonge mkato wa nyuma, pale ugwe unapoingia, wa kila aina kwa umbo lake, ili vidole viujue mshale kabla haujatoka.