Mzee, Matembele Siyo Uchafu

Nilijiambia nisubiri hasira zipoe ndo niandike. Leo siku ya nne hazijapoa, naandika hivihivi.

Jumamosi nimetoka kazini pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, saa kumi na moja jioni, nafika Katubuka kwenye chumba na sebule ninapopanga, nakuta baraza jeupe. Viroba vyangu saba nilivyojaza udongo nikapandia mboga havipo. Nikajua nimeibiwa. Nazunguka nyuma nakuta vimelazwa jalalani, viwili vimepasuka, udongo umemwagika na bado una unyevu wa maji niliyomwagia alfajiri ileile. Matembele yalikuwa yamelegea kabisa. Nikainua kile kilichopasuka zaidi, mizizi ikaning'inia, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, imekumbatia vipande vya samadi haitaki kuachia. Nikakaa chini palepale na gauni langu la kazini. Miche ile nilikuwa nayo mwezi wa nne sasa, nilikuwa najua mpaka jani gani limetobolewa na funza.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Ni mtu mzima wa heshima zake, namwamkia kila asubuhi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, halafu akaniambia kwa upole kabisa: "Nimewaambia vijana wautoe ule uchafu. Hii nyumba ya mjini mwanangu, siyo shamba. Nimeweka tailizi, nimepiga jipsamu, mtu akipita akaona magunia barazani atasema nimepangisha washamba."

Nikaitika nikaondoka, sikumjibu maana siwezi kubishana na mtu wa umri wa baba yangu mlangoni kwake. Lakini lile neno limenikaa kooni. Washamba.

Hebu tulitazame jamani maana tunalitumia kila siku bila kulitazama. Asiyejua kutumia simu, mshamba. Aliyevaa rangi zisizoendana, mshamba. Anayeshangaa ghorofa, mshamba. Yaani tumechukua jina la anayetulisha tukalifanya tusi, kisha tunakaa mezani tunakula alichovuna. Bibi yangu Kasulu kalea watoto na wajukuu kwa jembe moja, mvua ikianza Oktoba yuko shambani, na sijawahi kulala njaa kwake hata siku moja, sasa kwa hesabu hii yeye ndo mshamba namba moja. Na mimi mjukuu wake nikija mjini nikapata kazi na chumba chenye umeme, natakiwa nioneshe nimefika kwa kutogusa udongo. Nani katuambia hivyo? Nauliza kwa nia kabisa, nataka kujua tuliambiwa lini na nani.

Na kuna kitu kimeniuma zaidi nilipotulia. Mbele ya mlango wa huyohuyo mzee kuna makopo manne ya maua. Mazuri, siyakatai. Yamejazwa udongo uleule ninaojaza mimi, yanamwagiwa maji ya bomba lilelile, yanadondosha majani barazani kila siku na yanafagiwa. Hakuna aliyeyaita uchafu. Kwa hiyo tatizo siyo udongo wala maji wala kopo. Ua linakaa barazani kwa sababu haliliwi, mchicha unatupwa jalalani kwa sababu unaliwa. Ukipanda cha kutazama wewe mstaarabu, ukipanda cha kulisha watoto wewe mshamba. Nimelizungusha kichwani siku nne nzima na bado sioni namna ya kulielewa.

Mjue nilianzaje. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi, dagaa na migebuka walikuwa wanapungua wote tunaona, ziwa lazima lipumzike. Lakini mtu wa Kigoma bila dagaa anageukia wapi? Kwenye mboga. Mji mzima ukahamia kwenye mboga, na miezi hiyo ndo kiangazi chenyewe, mvua zimeshakata, bustani zinapauka. Fungu la mchicha nililozoea kununua mia mbili likafika mia tano na lenyewe limekonda. Nina watoto wawili. Kuna jioni nimesonga ugali wa muhogo na maharage siku ya nne mfululizo, mdogo akanitazama akasema mama, na kesho? Hakulalamika, aliuliza tu. Kiroba cha kwanza nilikijaza wiki ileile.

Nieleze kidogo maana najua kuna mtu atauliza. Kiroba cha salfeti cha kilo 50, udongo mweusi nililetewa na bajaji, samadi nimepata kwa mfugaji wa Gungu, iliyokaa mpaka haina harufu tena, mbichi inaunguza mizizi na mimi iliniulia miche kumi na minane kabla sijajua. Ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Kazi yenyewe iko katikati: unasimamisha kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa kitako chote, unalijaza kokoto, unashindilia udongo kuzunguka, ukifika ukingoni unalivuta kopo juu kokoto zinabaki zimesimama, unajaza tena, unavuta tena, mpaka kiroba kijae. Hapo tumboni kunakuwa na njia ya mawe, ukimwaga maji juu yanashuka mpaka chini. Usipofanya hivyo juu kunakuwa tope na chini pakavu kama unga, na miche ya chini inakufa huku unaona unamwagilia kila siku. Kisha unachana vitobo pembeni kwa wembe, vya kuingia vidole viwili tu, unalaza mche wa sukuma wiki shina likiwa limeelekea ndani, unausukumia udongo kwa kidole gumba. Nafasi ya kiganja kati ya mche na mche. Kiroba kimoja kinabeba miche ishirini na kitu, na kinakaa mahali pa kiti kimoja.

Mchicha, au lengalenga kama wanavyoita wenzetu wa Kongo ng'ambo ya ziwa, usiupande pembeni, mbegu zake ni vumbi, changanya na mchanga umwage kwenye beseni bovu lililotobolewa, wiki tatu hadi nne unakata, ukiacha kishina kinachipua. Matembele ndo mkombozi wa mpangaji. Kipande cha shina chenye vifundo vitatu vinne, viwili chini ya udongo, mwezi na kidogo unaanza kuchuma, na kadiri unavyochuma ndo linazidi kutoa. Nyanya zangu ziko kwenye madumu ya mawese ya lita 20 yaliyokatwa shingo, dumu moja mche mmoja, na zenyewe zinataka jua la kutosha, masaa sita hivi, wakati mboga za majani hata manne zinavumilia. Dumu lililobeba dawa ya kilimo usilitumie hata ukipewa bure.

Na mawese nimeyataja nisiyapite. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ila unakipokea vizuri chakula kikiwa na mafuta, na mawese yetu mekundu yana cha kwake vilevile. Matembele yaliyochumwa dakika kumi zilizopita, kitunguu, nyanya, kijiko cha mawese. Yale ya gengeni yanakatwa jana yake, yanakaa juani mezani yananyunyiziwa maji mpaka jioni, vitamini C inapungua kila saa inayopita, nayanunua saa moja usiku majani yameshakunjamana. Mimi nilikuwa natoka jikoni na kisu sufuria likiwa tayari limepata moto.

Haya, mzee ana hoja moja nitampa, na nampa kwa shingo upande. Ukuta. Viroba vyangu vilikuwa vinagusa ukuta na unyevu ulishaanza kupanda, rangi imebabuka upana wa sahani. Hilo kosa langu na nitalipaka kwa hela yangu. Ila dawa yake ni matofali mawili chini ya kiroba na nafasi ya kiganja kutoka ukutani, kazi ya dakika tano, angeniambia ningeifanya usiku huohuo. Mbu nao ni kweli, ukiacha maji yakituama kwenye sahani ya chini watataga, na Kigoma malaria tunaijua wote, basi yamwage kila siku. Salfeti ikipigwa na jua msimu mzima inachanika, unabadilisha. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kupunguza bili. Na hapana, baraza halilishi familia, unga, ndizi na maharage bado nanunua na mama wa genge bado anapata hela yangu.

Mnaosema haya mambo ya vijijini yasiletwe mjini, mnajua mwaka 1974 baada ya ukame nchi hii iliita watu kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona, mpaka wa mjini wakaambiwa washike jembe? Waulizeni wazee wenu, huenda huyu mzee wangu naye alikuwepo. Na jirani zetu Nairobi, kule Kibera ambako nyumba na nyumba zinagusana, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007 watu walisaidiwa kuanzisha bustani za magunia mlangoni, sukuma wiki zikaota mahali ambapo hata kuanika nguo ni shida. Kaunti ya Nairobi ikatunga mpaka sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Sheria kabisa, imeandikwa. Sisi huku tuna jua la mwaka mzima, tuna mvua miezi saba nane, tuna ziwa mbele yetu, halafu mama wa watoto wawili anaomba ruhusa ya kiroba kama anaomba kiwanja.

Wenye nyumba nawaomba, na naomba kwa moyo wangu wote. Wapangaji wengi mji huu ni sisi wa chumba kimoja na chumba na sebule, hatuna ua, hatuna hata mti. Tuna mita moja na nusu ya baraza. Mkiona kiroba msione aibu ya nyumba yenu. Mkiona maji yanaharibu ukuta, semeni, tutasogeza. Lakini msitupe chakula cha mtoto wakati mama yake yuko kazini.

Viroba vitano vimepona. Viko kwa mama jirani, mtu wa Ujiji, aliniona nimekaa jalalani akaja na beseni bila kuuliza, akasema dada tuvilete kwangu kwanza, tukabeba mmoja huku mmoja huku mpaka giza likaingia. Vile viwili nimeokoa vipande vya matembele kumi na moja, vimelowekwa kwenye ndoo, leo asubuhi vitatu vimeshatoa vijizizi.

Kodi yangu inaisha Desemba. Nikienda kulipa ya miezi sita ijayo nitamwomba mzee tuongeze mstari mmoja kwenye mkataba, viroba vinne barazani, juu ya matofali, visiguse ukuta. Nitamwomba vizuri na nitaenda na fungu la matembele mkononi. Akikataa nitatafuta chumba kingine, na safari hii sitaulizia tailizi wala jipsamu, nitauliza jua la asubuhi linapiga upande gani.