Rekodi ya Jerry Rice haiguswi, tusidanganyane

Kila msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ukianza lazima atokee mtu na dogo wake mpya, eti huyu ndo atampita Jerry Rice. Haya tupige hesabu basi. Rice alistaafu na yadi 22,895 za kudaka pasi, yaani umbali wote aliousogeza mpira kwa pasi alizodaka. Chukua risiva (mdaka pasi) mkali, mpe yadi 1,500 kila mwaka, miaka 15 mfululizo, asiumie hata kidogo... anafika 22,500. Bado hajamfikia!

Watu wanachanganya rekodi za msimu na za maisha mazima. Za msimu zinavunjwa, sikatai, Calvin Johnson 2012 alipiga yadi 1,964 akafuta zile 1,848 za Rice za 1995, na Randy Moss 2007 akafunga tachidauni 23 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) akavunja 22 za Rice za 1987, ingawa Rice alizifunga kwa mechi 12 tu maana mwaka ule wachezaji waligoma (hapa mashabiki wa Moss huwa wanakuwa bize ghafla). Lakini huyo Calvin aliacha mpira baada ya misimu 9 mwili umechoka, ana yadi 11,619, nusu tu ya safari. Rice kacheza misimu 20, na msimu aliotimiza miaka 40, yuko timu ya Raiders, bado akapata yadi 1,211. Miaka 40 jamani.

Na spidi ya kutisha hakuwa nayo. Mtoto wa fundi ujenzi kutoka Crawford huko Mississippi, alikuwa anasimama juu ya jukwaa la mafundi, kaka zake wanamrushia matofali toka chini anayadaka, moja baada ya jingine. Akasoma Mississippi Valley State, chuo kidogo tu, timu ya 49ers ikamchukua 1985 akiwa wa 16 kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), na msimu wa kwanza alidondosha mipira mpaka mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Alichofanya ni kukimbia kilima kule San Carlos, California, karibu kila siku ligi ikisimama, na mazoezini hata pasi fupi ya kawaida alikuwa anaidaka halafu anakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja wakati wenzake washarudi kwenye foleni.

Goti la Rice liliumia vibaya Agosti 1997, Desemba karudi, akafunga, akaumia goti hilohilo palepale. Mwaka uliofuata yadi 1,157.

Sawa, kuna ile ya gundi kwenye glavu ili mpira unase, alikiri mwenyewe, na ilishapigwa marufuku tangu 1981. Ni doa na mie silifuti. Ila gundi haikimbii kilima.

Wa pili kwenye orodha ni Larry Fitzgerald, misimu 17, yadi 17,492, na huyo hakuwa mvivu hata kidogo, kaachwa na yadi 5,403. Kwa hiyo huyo dogo wako mwache kwanza amalize msimu wa kumi goti likiwa zima, ndo uje tuongee.