Hofu ya saa saba mchana

Naandika haya Januari 2026. Mwezi ujao, tarehe 27 Februari, gemu mpya ya Resident Evil, iitwayo Requiem, inaingia sokoni, na hapa Leeds, Uingereza, ninapoishi mapumziko yetu ya chakula kazini yamegeuka baraza. Tuko watano tunaoupenda mfululizo huu wa gemu za kutisha, na mimi peke yangu ndiye niliyekulia Tanga.

Ubishi ni ule ule ambao mashabiki wanao kila mahali tangu Capcom, kampuni ya Japani inayotengeneza mfululizo huu, ilipoitangaza gemu hii Juni 2025. Wako wanaomtaka Grace Ashcroft, mchambuzi wa FBI mwenye woga wa kweli, binti ya Alyssa tuliyemjua kwenye Outbreak, gemu ya zamani ya mfululizo huu. Kwenye onyesho la kwanza dada huyu anazinduka akiwa amefungwa kitandani miguu juu kichwa chini, anajifungua, kisha anatembea gizani na kiberiti cha gesi mkononi huku jitu kubwa la kike linamfuata, jitu linalochukia mwanga. Wako wanaomtaka Leon Kennedy, shujaa wa gemu ya nne, ambaye Desemba ilithibitishwa kwamba naye yumo, kwa sababu Leon ni Leon, bunduki na mateke. Na wako wanaogombania kamera: ikae machoni mwa mhusika kama gemu ya saba ya 2017, au mgongoni kwake kama ya nne. Capcom imesema mchezaji atachagua mwenyewe, lakini ubishi haujaisha. Bado kuna anayedai kwamba ukicheza na kamera ya mgongoni hujaogopa, umetazama mtu mwingine akiogopa.

Jambo moja tu wanakubaliana wote. Kwao gemu ya kutisha ni giza, upweke na risasi za kuhesabu. Wakitafuta mfano wa siku mfululizo huu ulipopotea njia, wanaitaja gemu ya tano, Resident Evil 5 ya 2009. Jua linawaka, unacheza na mwenzako, risasi tele, nani ataogopa pale?

Mimi niliogopa. Ningependa nieleze kwa nini, maana nimeishi huku miaka ya kutosha kujua kwamba wenzangu hawasemi uongo. Hofu yao imetoka kwao, na yangu imetoka kwetu.

Anayeijua Ngamiani, pale Tanga mjini, anazijua zile barabara zenye namba. Kwenye mojawapo palikuwa na kibanda cha gemu, chumba kimoja cha mbele ya nyumba, feni moja, mabenchi mawili ya mbao, na pazia la kitenge mlangoni ili mwanga usigonge kioo cha televisheni. Pale ndipo nilipoicheza Resident Evil 4 kwenye PlayStation 2. Nasema niliicheza, lakini pedi ya kuchezea nilikuwa naishika labda dakika ishirini kwa siku, kadiri ya hela yangu. Muda uliobaki nilikuwa benchini na wengine kumi, tunaicheza kwa midomo. Memori kadi ilikuwa moja kwa kibanda kizima. Mwenye kibanda aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye droo ya hela, na ukifika kwenye mashine ya taipu ya kuhifadhia mchezo lazima umwite: "Kaka, nihifadhie." Anakuja, anasoma orodha, anakuonyesha nafasi yako, na ole wako ufute ya mtu.

Wanakijiji wa gemu ile ya nne wanaongea Kihispania. Hakuna aliyejua hata neno. Walipopiga kelele nyuma ya nyumba, sisi tulisikia sauti tu, na sauti usiyoielewa inatisha kwa namna yake. Nakumbuka hilo vizuri, kwa hiyo sitamlaumu mtu wa Leeds kwa lile nitakalosema baadaye.

PlayStation 3 ilipofika pale kibandani, ikaja na ya tano. Shujaa wake, Chris Redfield, anashuka kwenye mji wa Kijuju, Afrika Magharibi, mahali pa kubuni. Anapokewa na Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika, na kuanzia hapo ni wawili hadi mwisho. Wanapita kwenye bucha yenye nyama na nzi. Wanatoka uani, barabara tupu, jua la utosi. Watu waliokuwa wakiwakodolea macho hatua chache nyuma hawapo tena. Ndani ya nyumba moja wanaona kiumbe kinaingizwa kwa nguvu kinywani mwa mtu, na mtu yule akiinuka si yule tena. Gemu inawapa viumbe wale jina, nalo ni majini.

Kibanda kilinyamaza. Si kwamba lilikuwa neno geni. Lilikuwa neno la nyumbani kabisa, limetoka kwenye mashine ya Japani. Halafu wakaanza kuongea, na walichoongea ni Kiswahili. Mdogo mmoja aliyekaa sakafuni akauliza, "Kwani wametujuaje?" Hakuna aliyemjibu.

Sasa nirudi kwenye hili la jua. Mtoto wa Pwani halindwi dhidi ya usiku peke yake. Bibi mzaa mama alikuwa na saa mbili alizozichunga, magharibi na mchana wa jua la utosi. Magharibi tunaingizwa ndani. Mchana ule, baada ya adhuhuri, mitaa inapokuwa imenyamaza, watu wazima wamejilaza barazani na hata mbwa hapiti, tulikatazwa kwenda kwenye mbuyu ulioko njia ya kisimani. "Mjukuu wangu, saa hizi si zenu, ni za wenyewe," alisema, na hakuwataja wenyewe hao kwa jina. Niliwahi kupita pale, nimetumwa chumvi na nikaona nikatize. Nakumbuka kivuli changu kilikuwa kidogo, kimekusanyika miguuni, na vumbi halikutikisika. Sikuona kitu. Nilikimbia hadi dukani na chumvi nikasahau kuinunua.

Ndiyo maana ile barabara ya Kijuju ilinishika. Waliotengeneza gemu ile, wajue wasijue, waliweka hofu kwenye saa yake. Jua kali, mtaa mtupu, na hisia kwamba watu wameondoka kwa sababu wanajua kitu wewe hukijui. Rafiki zangu wa Leeds wanatazama jua lile na kuona likizo. Hapa mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kwa mtu aliyelelewa na baridi hii mwanga ni wokovu. Ni sawasawa kwake kwamba jitu la Requiem likimulikwa linarudi nyuma. Mimi giza la huku halijawahi kunitisha. Lina taa za barabarani, mabasi na maduka yaliyo wazi. Kilichonitisha nilipofika, na sikumwambia mtu, ni Jumapili moja ya Julai saa nane mchana, jua limewaka, nyumba zote za mtaa wetu zimefunga milango, na sijaona binadamu tangu asubuhi. Nilisimama dirishani nikasikia sauti ya bibi.

Na jini si zombi. Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu hadi mapumziko yanaisha. Kwetu mtu akipandwa na jini, jambo la kwanza si kumpiga. Ataitwa mjuzi, au shehe amsomee. Utafukizwa ubani au udi, na aliyekuja ataulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Majini yana kabila na dini, yako ya baharini na ya bara, mengine yanataka kanga nyekundu, mengine halua na kahawa. Sisemi kila mtu aamini. Nasema kwamba kwa aliyelelewa hivyo, ndani ya yule anayekujia mbio na panga kuna mtu wa mtaani, mwana wa mtu, aliyeingiliwa. Katika hadithi ya gemu ndivyo ilivyo hasa: wakazi wa Kijuju walitiwa kimelea bila ridhaa yao, kwa faida ya kampuni ya dawa iitwayo Tricell. Mwenzangu anapiga risasi na kusonga mbele. Mimi napiga risasi na moyo unauma, maana yule amenitukana kwa lugha ambayo mama yangu ananiamkua nayo kwenye simu. Hicho ni kitisho, na hakihitaji giza.

Sheva je? Mashabiki wa huku hawamtaki, au tuseme hawaitaki akili aliyopewa na mashine. Ukicheza peke yako Sheva anamaliza risasi, anatumia dawa kwa mkwaruzo mdogo, anasimama mlangoni. Ni kweli, nimemcheza hivyo huku chumbani kwangu na nimekasirika. Lakini kule kibandani Sheva alikuwa binamu yangu. Kioo kimegawanywa vipande viwili, yeye chini mimi juu, na sheria ya gemu ni kwamba mmoja akifa, wote mmekwisha. Pale uwanjani anapotokea lile jitu lenye shoka, umati unaruka kuta, na nyinyi kazi yenu ni kubaki hai hadi helikopta ije kulipua lango, binamu alianguka. Nilikuwa upande wa pili juu ya paa. Benchi zima lilisimama. "Mfuate! Mfuate mwenzio!" Nilifika, nikamwinua, na alipopumua upya nilihisi mikono ya watu wasiopungua sita mabegani mwangu. Tulirudia kipande kile siku tatu.

Hapa nilipo nina kioo kikubwa, vifaa vya masikioni vinavyonifanya nisikie mtu anapumua nyuma yangu, na gemu napakua bila kutoka nyumbani. Ni vitu ambavyo kule kibandani tuliviota. Lakini usiku ule nilipoimaliza gemu ya saba, familia ya Baker, maadui wa gemu ile, yote imekwisha na jasho linanitoka, niligeuka nimtafute wa kumwangalia usoni. Nilituma ujumbe Tanga. Kule ilikuwa karibu alfajiri, na jibu lilikuja nikiwa nimeshalala.

Kwa hiyo wenzangu wanaposema kwamba kucheza wawili kunaua hofu, nakataa. Kunaibadilisha. Ukiwa peke yako unaogopa kufa. Mkiwa wawili unaogopa kuchelewa kumfikia mwenzio, na hiyo kwangu ni nzito zaidi.

Sitaki nieleweke kwamba ya tano haina kasoro. Tangazo lake la kwanza la 2007, mzungu mmoja akiwapiga risasi umati wa Waafrika, liliwaumiza wengi, na mwandishi wa Marekani N'Gai Croal alikuwa na haki kusema kwamba picha za namna ile zimebeba historia. Sehemu ya kule kwenye mabwawa, Wandipaya, kabila la kubuni, wakirusha mikuki huku wamevaa vinyago usoni, ilinichoma hata nikiwa kijana. Kibandani tulicheka ili tusiumie. Halafu Kiswahili Afrika Magharibi kimefikaje? Anayetoka Lagos au Accra atauliza, na atauliza kwa haki. Walichukua lugha ya mwambao wetu wakaipeleka pwani ya bahari nyingine, kana kwamba kote ni kumoja. Rafiki yangu mmoja hapa, mtu mwema, ameimaliza gemu ile mara nyingi na hakujua kwamba wale wanasema maneno. Alidhani ni kelele. Nilimfasiria sentensi mbili tatu, akasimamisha mchezo, akaomba nimfasirie zaidi. Mwishoni alisema sasa inamtisha.

Baada ya ya pili kutengenezwa upya 2019, ya tatu 2020, na ya nne 2023, swali limebaki kwenye ya tano. Mashabiki wengine wanasema irukwe, ni mzigo wa lawama. Wengine wanasema itengenezwe upya lakini ipelekwe usiku, na Sheva apunguzwe, ili iwe ya kutisha kweli. Namna hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ya kwanza. Wakiipeleka usiku wataitoa hofu yetu na kutia yao, na yao tayari wanayo Requiem, nami nitainunua siku ya kwanza na kumfuata Grace na kiberiti chake hadi mwisho.

Ya tano waiache juani. Wamwache Sheva awe mtu kamili na apewe akili inayomstahili, na kioo cha kugawana kirudi, maana vibanda bado vipo. Kijuju waihamishie mwambao wa Afrika Mashariki, au watafute lugha ya mahali walipoiweka. Wakichagua kubaki na Kiswahili, wasikirekodi studio za mbali na watu wanaosoma karatasi. Waje Tanga, waje mwezi wa pili joto linapouma, na kabla ya kuwasha mashine wasimame kwanza mtaani baada ya adhuhuri, saa saba, milango imerudishwa, kahawa imepoa barazani, wasikilize mtu mmoja akiita jina la mwingine kutoka ndani ya nyumba ambayo hawaioni.